Kengele ya Mbwa Asiyebweka

Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Kabla maji ya chai hayajachemka, Mjukuu humfunga Tulia kengele shingoni, humfungulia mlango, na kumwacha ashuke ngazi peke yake mpaka uani. Kengele yenyewe ilikuwa ya mti, kubwa kama ngumi ya mtoto, na ndani ilikuwa na ndimi mbili ndogo za mti mgumu zaidi. Mbwa akitembea ilisema ko-ko, ko-ko. Akikimbia ilisema kokokokoko bila kuvuta pumzi.

Tulia huzunguka ua, hunusa pipa la taka, hunusa mlango wa karakana ya seremala, kisha huenda kusimama chini ya dirisha la Mama Cherehani na kujikuna shingo kwa mguu wa nyuma. Hapo kengele hupiga kelele za kuamsha maiti. Dirisha hufunguka.

"Wewe Mzee wa Kengele! Wengine bado tuna usingizi wetu!"

Babu huwa amekwishafika kwenye dirisha lake la ghorofani, shati limepigwa pasi na vifungo vyote vimefungwa. "Usingizi wa saa hii si usingizi, ni uvivu!"

"Uvivu? Mimi niliyesinzia na sindano mkononi nikishona sare za watu?"

"Basi mshukuru mbwa, amekuokoa usijichome!"

Dirisha la chini hufungwa kwa kishindo. Tulia hupanda ngazi. Chai huwa tayari, na Babu hunywa ya moto kabisa, akipuliza na kutikisa kichwa. "Yule mama ana ulimi," husema. "Ana ulimi yule."

Asubuhi ile dirisha la chini halikufunguka. Chai ilichemka, ikafurika, ikazima moto wa jiko, na uani hakukusikika chochote. Babu alisimama dirishani na shati lake la pasi kama abiria aliyebaki kituoni na basi limekwishapita.

Mjukuu alifuta chai iliyomwagika. Kwa nini hakukuwa na kelele, hilo alilijua, maana alilifanya mwenyewe. Asichokijua ni kwa nini Tulia alikuwa hajarudi.

Alishuka ngazi mbili mbili. Uani palikuwa na pipa, kamba ya nguo na baiskeli ya mtu. Lango lilikuwa wazi. Mzoa taka alikuwa amepita mapema na kulirudishia bila komeo. Mbwa hakuwepo.

"Tulia," aliita, kwa sauti yake ya siku zote. Katika maktaba alikofanya kazi sauti hiyo ilisifiwa sana, kwa kuwa haikumsumbua hata mzee aliyesinzia juu ya gazeti.

Dirisha la Mama Cherehani lilifunguka polepole. Alikuwa amevaa, amejifunga kitambaa kichwani, na futi yake ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni. Hakuonekana kama mtu aliyeamshwa.

"Mbona leo kimya? Babu yako mzima?"

"Shikamoo, Mama. Mzima."

"Marahaba. Mzima kweli?"

"Mzima, Mama. Mbwa ndiye ametoka."

Mtu asiyemjua Tulia angesema mbwa akitoka atarudi, au atabweka watu wamsikie. Lakini Tulia habweki. Hakufunzwa kunyamaza; ndivyo alivyozaliwa, na mama yake, na bibi yake, na wote waliomtangulia. Alikuwa wa aina ya mbwa wawindaji ambao wazee wa Babu waliwafuga tangu enzi zisizokuwa na mtu wa kuzihesabu. Ni mbwa mdogo, rangi ya udongo uliochomwa, kifua cheupe na vidole vyeupe, masikio yamesimama kama majani mawili, na mkia umejikunja juu ya mgongo kama mshikio wa kikombe. Paji lake la uso lina makunyanzi, kwa hiyo muda wote anaonekana kama mtu anayepiga hesabu inayokataa kutoka. Hujilamba na kujisafisha kama paka, hupanda juu ya vitu kama paka, na mvua ikinyesha hukuangalia wewe kana kwamba ndiwe uliyeileta.

Mjukuu alikuwa amesoma habari za mbwa hao chuoni, na baadaye maktabani. Katika makaburi ya Misri ya kale kuna picha za mbwa wenye masikio ya kusimama na mikia ya kujikunja, wamekaa chini ya viti vya mabwana zao. Vitabu vilisema huenda ni ukoo mmoja na hawa wa msituni, na huenda siyo. Siku Babu alipoonyeshwa picha hiyo alivaa miwani, akaikodolea macho, akasema, "Huyu ni shangazi yake Tulia." Kwake mjadala uliishia hapo.

Mbwa asiyebweka ana shida moja: akiingia kichakani humjui alipo. Ndiyo maana wawindaji walimfunga kengele. Watu wenye nyavu walisubiri upande mmoja, mbwa wakaswaga wanyama kutoka upande wa pili, na kengele ndizo zilizosema wamefika wapi. Lakini njiani, kabla ya kufika, mwindaji alimbeba mbwa wake mabegani kama mtoto, na kengele ikazibwa kwa majani isije ikafukuza mawindo. Kanuni ilikuwa moja tu, na Mjukuu aliijua tangu hajaanza shule: mbwa akiwa begani, kengele huzibwa, mbwa akigusa ardhi, kengele huzibuliwa. Hakuna mwindaji aliyesahau mara mbili. Akisahau mara ya kwanza, hana tena mbwa wa kumsahaulia.

Naye Mjukuu alikuwa ameiziba kengele na kumshusha mbwa chini.

Sababu yake ilikuwa ya huruma. Jana yake msimamizi wa nyumba alimsimamisha ngazini. "Yule mama wa chini analalamika kila siku juu ya mbwa wenu," alisema. "Mtaa mzima unasikia. Nikisikia tena mimi, mbwa atafute nyumba yake." Mtu mwingine angejibizana naye, au angekwenda kumwuliza huyo mama. Mjukuu alisema "sawa," akapanda juu, akachukua kitambaa laini ambacho Mama Cherehani mwenyewe alimpa cha kufutia miwani ya Babu, akakikunja, akakishindilia katikati ya zile ndimi mbili. Alidhani amewatendea wema watu wawili kwa mkupuo mmoja.

Sasa alipanda ngazi kwenda kumwambia Babu, akamkuta amekwishashuka nusu, mkono ukutani, anahema.

"Babu, Tulia ametoka langoni. Na kengele nimeiziba mimi."

Babu aliketi pale pale kwenye ngazi.

"Ulimbeba begani?"

"Hapana, Babu. Nilimwacha ashuke."

Babu hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mke wangu," alisema, maana ndivyo alivyomwita kwa utani tangu angali mchanga wa kubebwa, "lile tumbo linangoja siku yoyote."

Mjukuu alijua. Majike wa aina hiyo hupata joto mara moja tu kwa mwaka, si kama mbwa wengine, na madume wake wamekuwa adimu. Babu alikuwa amepanda basi baada ya basi, Tulia magotini, mpaka kwa mwindaji mwenzake wa zamani aliyebaki na dume pekee ambalo Babu alilijua. Alirudi mgonjwa wa kifua, akalala wiki nzima akijisifu. Safari kama ile hangeiweza tena, na Tulia mwenyewe alikuwa anazeeka. Akipotea yeye na tumbo lake, ukoo ulikuwa umekatikia hapo, mikononi mwa Babu.

"Utamtafuta kwa kumwita," alisema. "Mimi kwa kifua hiki hata paka haji. Utaita wewe. Na uite kwa ukoo, siyo hilo 'Tulia, Tulia' kama unayembembeleza mtoto alale."

"Mbele za watu, Babu?"

"Kwani mbwa kapotelea kabatini?"

Mama Cherehani alikuwa amefika chini ya ngazi, kandambili miguuni. "Nitakwenda naye," alisema. "Wewe mzee kaa hapo hapo, usitupe kazi mbili."

"Nani kakuita?" Babu aliuliza.

"Hakuna. Ndiyo maana nimekuja."

Walitoka wote wawili. Mtaa ulikuwa unaamka: kinyozi anafagia nywele za jana, muuza magazeti anayabana kwa mawe yasipeperuke, mafundi simu wanapandisha milango ya vibanda vyao. Mjukuu alisimama kwenye kona, akavuta pumzi, akaita.

"Tulia wa Subira. Subira wa Kivuli."

Muuza magazeti hata hakugeuka.

"Mwanangu," alisema Mama Cherehani, "hapo unaita mbwa au unamwomba msamaha?"

"Namwomba msamaha, Mama."

"Huo utamwomba akirudi. Sasa ita!"

Aliita tena, sauti ikapanda kidogo, masikio yakamwaka moto. "Tulia wa Subira! Subira wa Kivuli! Kivuli wa Umande! Umande wa Nyamaza!"

"Dada, hiyo ni taarifa ya habari?" kinyozi aliuliza.

"Huyo Subira ni mkwe wako?" akadakia fundi simu mmoja. "Mwambie arudi nyumbani, wifi anamtafuta!"

Walicheka. Mjukuu alitamani ardhi ipasuke. Mama Cherehani aliwageukia na futi yake shingoni. "Chekeni. Na nyinyi mkipotea, sijui nani atawataja mpaka bibi zenu, maana hata majina yao hamyajui." Kicheko kikafifia, na kinyozi akaahidi kwamba akimwona mbwa atamshika.

Walipita mtaa wa kwanza na wa pili, wakachungulia chini ya magari na nyuma ya mapipa. Kila walipouliza, jibu lilikuwa lile lile: hatujamwona, na hatujasikia kitu. Bila shaka hawakusikia kitu. Mjukuu alikuwa amehakikisha hivyo.

Ili kumpoza, au pengine kujipoza mwenyewe, Mama Cherehani aliuliza, "Huyo Nyamaza ni nani?"

"Ni wa pili kutoka wa mwanzo. Aliyemtangulia hana jina. Anaitwa Yule wa Kwanza, aliyemeza sauti kwa ajili ya mtu."

"Aliimezaje?"

Mjukuu alimsimulia kama alivyosimuliwa. Zamani mbwa huyo alikuwa msemaji kuliko wanyama wote, na watu walimtuma ujumbe kutoka kijiji hadi kijiji. Mwaka mmoja njaa iliingia, na bwana wake, mwindaji, alipokosa mawindo alichinja mbuzi wa mfalme kwa siri ili watoto wasife. Mfalme akaita baraza. Akasema, mwulizeni mbwa, mbwa hasemi uongo. Mbwa akaletwa katikati. Akisema kweli, bwana wake atauawa. Akisema uongo, ulimi wake utaoza. Akafikiri, akafikiri, mpaka paji la uso likafanya makunyanzi. Kisha akaimeza sauti yake yote, ikashuka tumboni, na tangu siku ile haikupanda tena. Bwana wake alikwenda mwituni akachonga kengele ya mti, akamvika. "Umenyamaza kwa ajili yangu," alimwambia. "Mimi nitakuwa sauti yako."

Mama Cherehani alisikiliza mpaka mwisho, hatua zikipungua mwendo. Kisha akasema, "Si angesema tu 'sijui'?"

Mjukuu alicheka bila kutaka, kicheko kikageuka karibu kuwa kilio.

"Babu yako anaipenda hiyo hadithi," Mama Cherehani aliendelea. "Lazima aipende. Watu wa kunyamaza hupenda hadithi za kunyamaza."

"Mama, naomba unisamehe. Kengele niliiziba kwa ajili yako. Nilidhani unaichukia."

"Nani kakwambia?"

"Kila asubuhi unalalamika."

"Kulalamika ni kulalamika. Kuchukia ni neno jingine." Mama Cherehani alikunja futi, akaikunjua. "Mimi huwa macho kabla ya kengele hiyo. Nimekwishaoga, nimekwishavaa, nimekaa kitandani." Halafu akageuza uso upande wa barabara na kusema kwa ukali, "Ita mbwa, mwanangu, jua linapanda!"

Waliita mpaka sokoni na kurudi. Mjukuu alianza kuona jambo la ajabu: kadiri alivyoita, ndivyo aibu ilivyopungua, kama kiatu kipya kinavyolegea kwa kutembelewa. Lakini mbwa hakuonekana.

Waliporudi uani mashine ya kuranda ilikuwa inanguruma. Fundi seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Msumari kwa wembamba wake, alikuwa ameanza kazi. Mzigo wa mbao ulikuwa umeshushwa wao walipokuwa mtaani, na wapakuzi waliuegemeza ukutani, mrefu kupita kichwa cha mtu. Babu alikuwa bado ngazini, lakini ngazi ya chini kabisa.

"Mama, poleni," Msumari alipiga kelele kushinda mashine. "Sijamwona! Ila msikate tamaa! Mbwa hafi maji akiona ufuko!"

"Ufuko uko wapi hapa?" Mama Cherehani alimjibu. "Mimi naona mbao tu!"

Babu aliinua mkono. Alikuwa anaangalia zile mbao, na chini yake maranda ya wiki nzima, makavu, laini, yamerundikana mpaka ukutani.

"Jike mwenye mimba," alisema, "hatafuti barabara. Hutafuta pango." Kisha akamwambia seremala, "Zima hiyo mashine."

"Mzee, nina milango ya watu hapa, wanakuja kuichukua..."

"Msumari!" alisema Mama Cherehani.

Mashine ikazimwa. Ua ukawa kimya ghafla, mpaka ikasikika bomba lililokuwa linadondoka. Watu walichungulia madirishani kuona kuna nini.

"Ita," Babu alimwambia Mjukuu.

Hapa hapakuwa barabarani kwa wapita njia. Hapa ni kwa majirani, watu ambao angekutana nao ngazini kesho na keshokutwa. Alisimama katikati ya ua, akafumba macho.

"Tulia wa Subira! Subira wa Kivuli! Kivuli wa Umande! Umande wa Nyamaza! Nyamaza wa Yule wa Kwanza, aliyemeza sauti kwa ajili ya mtu! Mtu wako anakuita!"

Sauti yake iligonga kuta nne, ikamrudia. Hakuitambua.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu, kutoka nyuma ya mbao, ikatoka sauti ambayo wengi pale hawajawahi kuisikia. Haikuwa kubweka, wala haikuwa kulia. Ilikuwa kama mtu anayejaribu kuimba huku anacheka, ikapanda, ikayumba, ikashuka.

"Kuna mtu huko nyuma!" Msumari alishtuka.

"Hakuna mtu," Babu alisema. "Ndiye yeye. Hawabweki, lakini si mabubu."

Waliondoa mbao moja moja kuanzia juu, Msumari akielekeza ipi ivutwe na ipi iachwe, maana ubao mmoja ukiteleza zote zingemlalia. Ilionekana wazi kilichotokea: Tulia alijipenyeza kwenye maranda alfajiri, na wapakuzi waliposhusha mzigo wakamfungia. Alikuwa katika nafasi isiyotosha kugeuka, na kengele bubu shingoni. Kwa mashine ile ya kuranda, angeweza kulia siku nzima asisikiwe na mtu. Pembeni yake kulikuwa na watoto wawili walowevu, wadogo kama viatu vya kichanga, na wa tatu alikuwa njiani.

Babu alipiga magoti kwenye maranda, shati lake la pasi likajaa vumbi. Hakumgusa mbwa. Alimwambia tu Mjukuu, "Zibua."

Mjukuu alipitisha vidole taratibu, akakivuta kile kitambaa. Tulia alitikisa kichwa, na kengele ikasema ko-ko.

"Hiki kitambaa si changu?" Mama Cherehani aliuliza.

Babu alikitazama, akamtazama mwenye nacho. "Kumbe ni wewe uliyetaka kimya."

"Mimi? Mimi nimetaka kimya lini?"

"Kila siku asubuhi, Mama," Msumari alisema kwa nia njema kabisa. "Tunasikia wote."

Watu wakacheka madirishani. Mama Cherehani alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie nyumba ile ulimi ulimkatalia. Alikichukua kitambaa mkononi mwa Mjukuu, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango bila kishindo.

Tulia alizaa salama na kuhamishiwa jikoni ghorofani, ndani ya sanduku ambalo Msumari aliligongelea haraka haraka na kukataa kushukuriwa. Msimamizi wa nyumba alikuja kuuliza habari za kelele, akakuta majirani wamejipanga kuangalia watoto, akaangalia na yeye, akaondoka bila kukumbuka alichokijia. Kengele ilitundikwa kwenye msumari karibu na mlango, kwa sababu mbwa anayenyonyesha havikwi kengele, hushtua watoto.

Kwa hiyo asubuhi zikawa kimya. Babu aliamka, akavaa shati la pasi, akasimama dirishani. Chini dirisha lilibaki limefungwa. Alikunywa chai ikiwa imepoa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku moja aliuliza, "Yule mama ameshaamka kweli?" Siku nyingine akasema, "Labda anaumwa." Mjukuu alimwambia kwamba haumwi, alimwona jana akimpima mtu gauni. "Ahaa," alisema Babu, akarudi dirishani.

Mjukuu alikuwa na maneno ya kumwambia, yale aliyoambiwa barabarani. Lakini aliona si yake kuyabeba. Kuna mambo mtu akikusemea yanakuwa kama nguo ya kuazima.

Asubuhi ambayo watoto walikuwa wamekwishafumbua macho, Mjukuu alikuwa anateka maji ya chai aliposikia ko-ko, ko-ko, kutoka ngazini. Aligeuka kuangalia sanduku. Tulia alikuwamo amelala, watoto wote wamemng'ang'ania. Aliangalia ukutani. Ule msumari wa kengele ulikuwa mtupu.

Alikimbilia dirishani. Babu alikuwa uani, shati limefungwa vifungo vyote, kengele ya mbwa mkononi. Alizunguka ua, ko-ko, ko-ko. Alipita pipa la taka, akapita mlango wa karakana, ambako Msumari alisimama na randa mkononi, mdomo wazi. Kisha mzee akaenda kusimama chini ya dirisha la Mama Cherehani, akaitikisa kengele kwa nguvu zake zote.

Dirisha likafunguka.

"Wewe Mzee wa Kengele! Sasa umekuwa mbwa mwenyewe?"

"Mbwa ananyonyesha," Babu alijibu, anahema.

"Najua ananyonyesha. Wewe unapiga kengele ya nini?"

Babu aliiangalia kengele kana kwamba ndiyo itakayojibu. "Nimekuja kukwambia watoto wamefumbua macho."

"Mjukuu wako aliniambia jana."

"Yule mdogo paji limeanza makunyanzi."

"Hilo nalo aliniambia."

"Na... Msumari ameletewa mbao nyingine."

"Ninaziona, mzee. Mimi si kipofu."

 Vidole vya Babu vilikuwa vimeingia ndani ya kengele, vimezishika zile ndimi mbili zisilie. Mama Cherehani alisubiri, halafu akashika kitasa cha dirisha kulifunga.

"Babu!" sauti ilitoka ghorofani, kubwa, wazi, ikasikika mpaka barabarani. Mjukuu mwenyewe alishangaa kuwa ni yake. "Mbwa akigusa ardhi, kengele huzibuliwa!"

Babu aliinua uso akamtazama. Kisha akatoa vidole kwenye kengele.

"Sikuja kwa habari za mbwa," alimwambia Mama Cherehani.

"Mwenye neno hutuma mshenga," alisema yeye, lakini kitasa alikuwa amekiachia.

"Nimemtuma kila asubuhi, na kengele shingoni, akakaa chini ya dirisha hili hili. Unadhani mbwa anajikuna mahali pamoja kila siku bila kufundishwa?" Babu alivuta pumzi yote ambayo kifua chake kiliweza kuivuta. "Leo nimekuja mwenyewe. Nimekuja kukuposa."